Shangazi wa Mfukoni

Kwa Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, ni nzito kuliko bahasha iliyozibeba. Natumaini zimekukuta magoti yametulia, na Shemeji kikohozi kimempa nafasi ya kuendelea na ugomvi wake na redio. Watoto nao naamini ni wazima na wanakula kukushinda. Mimi huku sijambo kabisa. Macho ni yaleyale uliyoyaacha, yaani hayapo, lakini viungo vingine vyote vipo na vinafanya kazi ya ziada.

Najua kabla hujafika hapa umeshaigeuza karatasi mbele na nyuma ukiutafuta mwandiko wa Fundi Miwani aliyezoea kuniandikia. Haupo. Barua hii imepigwa chapa, na sababu ya kupigwa chapa ndiyo habari yenyewe, kwa hiyo kaa kitako, mimina chai, na usirukie mwisho. Nakujua vizuri. Tangu utotoni hujapata kuisoma barua kwa kuanzia juu.

Nianze na kile chumba. Barua yako ilinieleza kwamba umekipaka rangi, umeweka kitanda na kabati, na umenichagulia hicho kwa kuwa kina dirisha linalotazama mbali. Dada, nilicheka mpaka nikapaliwa. Dirisha la kutazama mbali, kwa mtu kama mimi. Kicheko kilipokwisha nikaelewa chumba kile kinasema nini. Kilikuwa kinasema kazi basi, njoo ukae, utaletewa chakula. Sikukulaumu, kwa kuwa mimi mwenyewe ndiye niliyekuandikia kwamba nakuja, kwa maneno machache kuliko yote niliyowahi kukutumia. Leo nataka ujue yaliyotokea kabla ya maneno yale na baada yake.

Kazi yangu unaijua. Ofisini kwetu tunaletewa kanda za vikao, mara vya baraza la mji, mara vya mahakama, mara vya wafanyakazi na waajiri wao, na sisi tunasikiliza na kupiga chapa neno kwa neno kama yalivyosemwa. Huko ndiko nilikoishi ujana wangu wote, na wewe ulisema kazi hiyo iliumbwa kwa ajili yangu, kwa sababu nilipokuwa mdogo sikuweza kusikia mazungumzo ya watu wazima bila kuyarudia barabarani. Presha ya macho ilipomaliza kuchukua ilichokuja kuchukua, vidole vyangu havikusahau kitu. Vinajua herufi zilipo kama ulimi unavyojua meno yalipo. Tatizo lilikuwa kujua nimepiga nini. Nilikuwa napiga ukurasa mzima kwa ufasaha, kumbe nimesogeza mkono nafasi moja tangu mstari wa kwanza, na maneno ya mheshimiwa hakimu yametoka kama kikohozi cha Shemeji.

Mkuu wetu wa ofisi tunamwita Mama Nukta, kwa kuwa anaweza kuiona nukta iliyokaa pasipo pake kutoka upande wa pili wa meza. Aliniita, akanikalisha, akaniambia ukweli bila kuupaka asali. Alisema hagawi kazi kama sadaka, na pia hamwondoi mtu anayeiweza. Kwa hiyo kabla msimu wa vikao haujafungwa nimletee kikao kimoja kizima nilichokinukuu mwenyewe, bila mtu kunisomea hata mstari. Nikiweza, kiti ni changu. Nisipoweza, kiti kitapata mwingine na mimi nitaagwa kwa heshima. Niliipenda haki yake na nikaichukia siku hiyohiyo.

Kuna programu zinazoweza kumsomea mtu asiyeona kila kilichopo kwenye kioo cha kompyuta. Hilo nililijua. Lakini ofisini kuna fundi wa mitambo, jina lake la kazini ni Kebo, na Kebo ana sheria yake kwamba hakuna mtu kuweka kitu chochote ndani ya kompyuta za ofisi. Aliitunga baada ya mmoja wetu kuweka mchezo wa karata uliotulaza wote siku nzima bila kazi. Na hata sheria isingekuwepo, kompyuta zetu zilikuwa hoi. Ule mfumo mkubwa uliomo ndani yake unanenepa kila mwaka na mashine ni zilezile, mpaka asubuhi ukiwasha unaweza kwenda kuwasalimia watu wa ghorofa zote na ukarudi ukaikuta bado inafikiri. Ukiongeza na programu ya kusoma, inazimia.

Basi siku moja nipo stoo natafuta ukuta wa kuegemea, nikasikia bunda la funguo za Kebo likija. Akanitia kitu kiganjani, kidogo kuliko kidole changu cha mwisho. Nikadhani ni funguo. Akasema ni flashi, na ndani yake amelaza mfumo endeshi mzima wa Linux, ule mwepesi uliopunguzwa mafuta yote ukabaki mifupa na misuli. Alinieleza kwamba naichomeka kwenye kompyuta yoyote, naiwasha, na kabla kompyuta haijaamka kwa mfumo wake yenyewe, nabonyeza kitufe kimoja cha juu kuiambia iamke kwa huu wangu. Nikimaliza nachomoa, na kompyuta inabaki kama ilivyokuwa, haijaongezwa wala kupunguzwa kitu. Nikamuuliza, na ile sheria yako? Akanijibu kwamba sheria inakataza kuweka kitu ndani ya mashine, haikatazi mtu kuja na chake mfukoni na kuondoka nacho. Alivyolisema, nilisikia kabisa kwamba ametumia siku kadhaa kutafuta tundu kwenye sheria yake mwenyewe, na kwamba amelipata kwa raha kubwa.

Mashine niliyopewa ilikuwa ile nzee iliyokwisha kustaafishwa ikapewa kazi ya kuuzuia mlango wa stoo usijifunge. Mifumo yote mipya ilikuwa imeikataa. Tulifaana, mstaafu na mstaafu mtarajiwa. Nikaichomeka flashi, nikabonyeza kitufe nilichoambiwa, nikangoja. Hapo ndipo pagumu, Dada, maana mwenye macho anaona taa na picha zikipita na anajua kuna kinachoendelea, lakini mimi nilikuwa na kimya tu. Kisha ndani ya kile kimya mtu akazungumza. Kwa Kiswahili.

Ni Kiswahili cha namna yake, lakini. Sauti inatamka kama mtu aliyefundishwa lugha na saa ya ukutani. Haipumui, haishangai, na kila unapogusa herufi inaitaja, ukiifuta inakutangazia kwamba umefuta. Mara moja nikamkumbuka Shangazi yetu, yule aliyekuwa akituhesabia makosa mbele ya wageni kwa sauti moja, bila hasira wala huruma. Nikaibatiza jina hilo, na sasa ofisi nzima inamwita Shangazi.

Usifikiri mambo yalikwenda kama maji mteremkoni. Kuhama mfumo ni kuhama nyumba. Kila nilichozoea kilikuwa kimehamia mahali pengine, na mkono wangu ulikuwa unaenda kukitafuta kulekule ilikokuwa nyumba ya zamani. Nilinuna. Nilimwambia Kebo kwamba mfumo wake una kiburi. Akaniambia niache kuililia nyumba ya zamani, nijifunze jiko jipya liko wapi, mengine yatakuja. Kweli yakaja. Baada ya muda nikawa na kanda sikio la kulia, Shangazi sikio la kushoto, mguu kwenye pedali ya kusimamisha kanda na kuirudisha, na vidole katikati vikiwasuluhisha. Watu waliniuliza nawezaje kusikiliza wawili kwa pamoja. Hawakukulia kwetu. Kule kwetu aliyeweza kusikiliza mmoja tu kwa wakati alikuwa anakosa nusu ya habari.

Nikajiona niko tayari. Nikachukua kikao kizima, nikakifanyia kazi tangu asubuhi hadi watu wanafunga madirisha, nikakihifadhi, nikazima, nikachomoa flashi yangu nikaitia mfukoni kama bwana harusi. Nilipofika nyumbani nilipita chini dukani kwa Fundi Miwani kujisifu. Nilijisifu sana, Dada. Nilimfanya asimamishe kazi ya kusaga kioo cha mteja ili anisikilize.

Kesho yake nikachomeka, nikawasha, Shangazi akanikaribisha kwa adabu zake, nikamwomba kazi ya jana. Hakuna. Nikatafuta kila kona. Shangazi alikuwa ananitajia vyumba vitupu kimoja baada ya kingine kwa ile sauti yake. Nikamwita Kebo. Akabonyezabonyeza, kisha nikasikia bunda la funguo likigonga sakafu, nikajua ameketi chini. Kumbe mifumo hii midogo ya kubebwa ina tabia hiyo, kwamba usipoitengea sehemu ya kuweka kumbukumbu ndani ya flashi, kila inapozimwa inasahau yote na kila inapowashwa inaamka kama mtoto mchanga. Kebo alikuwa na haraka ya kunionyesha tundu la sheria yake, akasahau kuitenga hiyo sehemu. Alisema kosa ni lake peke yake. Mimi nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, na nilikuwa na hasira kwelikweli, hasira ya mtu aliyeonyeshwa mlango kisha ukafungwa.

Siku hiyo ndiyo niliyokuandikisha ile barua fupi. Nilishuka dukani, nikamwambia Fundi Miwani andika, mwambie Dada nakuja. Nikasikia kalamu imesimama. Akaniuliza kama aandike hivyohivyo. Nikasema andika. Akaandika, akaitia kwenye bahasha, akailamba, na alipomaliza akasema kwamba kwenye kazi yake kioo kikivunjika fremu haitupwi. Nikapanda kwangu kulala. Lakini asubuhi iliyofuata nilikwenda ofisini, nikamkuta Kebo mezani kwangu ananisubiri na flashi nyingine, hii imetengewa mahali pake pa kukumbuka, na inajihifadhia yenyewe kila neno linapopigwa. Alikuwa ameiwasha na kuizima mara nyingi kwa siku nzima, na kila mara akiiuliza neno moja aliloandika ndani, kuhakikisha bado lipo. Nilimtaka radhi, na yeye akanitaka radhi, tukawa tunagombania nani aombe kwanza.

Sasa fika nami siku yenyewe. Mama Nukta alinichagulia kanda mwenyewe. Ilikuwa kikao cha baraza la mji juu ya nani apewe upande wenye kivuli kwenye soko jipya, na unaweza kukisia, wajumbe wote walizungumza kwa pamoja na mwenyekiti alizungumza juu yao. Wenzangu wenye macho yao walikuwa wameikimbia. Ilikuwa siku ya mwisho ya msimu, na ilipaswa kukabidhiwa kabla ofisi haijafungwa. Nikakaa, nikachomeka, nikaanza. Sauti zilikuwa nyingi lakini kila moja ilikuwa na mwenyewe. Kulikuwa na mmoja anayevuta pumzi puani kabla ya kusema, mwingine anapigapiga kalamu mezani, mwingine hawezi kumaliza sentensi bila kusema yaani. Niliwapanga kama watu wa kwetu wakati wa chakula. Nilikuwa nimepita katikati na naanza kuteremka.

Nikasikia harufu. Kisha feni ya ile mashine nzee ikakwaruza, ikalia kama mbuzi, ikanyamaza, na Shangazi akakatika katikati ya neno. Mashine ilikuwa imekufa, Dada, tena mbele ya watu, na moshi juu.

Watu wakaacha kazi zao. Nilisikia viti vikisogea, nikasikia mtu akisema maskini, na neno hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Mama Nukta alikuja mwenyewe na viatu vyake vya kisigino, akasimama karibu nami, akaanza kusema kwa upole kwamba amejionea nilivyojitahidi. Upole wake ukanitisha. Mama Nukta mpole ni Mama Nukta aliyekwisha kuamua. Nikapeleka mkono nyuma ya mashine, nikaigusa flashi, ilikuwa ya vuguvugu tu. Nikaichomoa. Nikasimama nayo mkononi nikamwambia, naomba kompyuta nyingine, yoyote ile.

Iliyokuwa wazi ilikuwa moja tu, ya kwake, kwa sababu mwenyewe alikuwa amesimama kwangu. Sijui kama alitaka kukubali. Nilisikia Kebo akisema kwa haraka kwamba sheria inaruhusu. Wakaniongoza, nikakaa kwenye kile kiti ambacho hakuna mtu mwingine aliyewahi kukikalia, nikachomeka, nikabonyeza kitufe. Kimya. Kompyuta ile sikuijua, nayo haikunijua. Watu wote walikuwa wamenizunguka na hakuna aliyekohoa. Nilikuwa nasikia saa ya mkononi ya Mama Nukta.

Kwa pupa yangu nilikuwa nimesahau kuhamisha hedifoni. Kwa hiyo Shangazi alipoamka, aliamkia kwenye spika za mezani, kwa sauti ya kujaza ukumbi, akawasalimu wote. Nikafungua kazi yangu na yeye, bila kuombwa na mtu, akaanza kusoma mahali nilipoishia. Akasoma kwa ule utulivu wake, nukta na mkato, kwamba mjumbe wa upande wa mboga anamwomba mwenyekiti amwamuru mjumbe wa upande wa vyombo aondoe kiwiko chake mbavuni mwake, ili naye apate pumzi ya kuiunga mkono hoja yake. Ofisi ilicheka mpaka watu wa ghorofa ya juu wakateremka kuuliza. Mama Nukta naye alicheka, na nilikuwa sijui kwamba ana kicheko. Kazi yote ilikuwapo, Dada, mpaka neno la mwisho kabla ya moshi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Nikavaa hedifoni, nikamaliza. Nilipochomoa flashi na kompyuta yake ikawashwa upya, niliambiwa imeamka na mfumo wake uleule na picha ya wajukuu wake ileile, hakuna kilichohama. Alichukua karatasi zangu, akaketi, akasikiliza kanda tangu mwanzo na karatasi mkononi, na sisi wote tukakaa kumngoja hata wale waliokuwa wameshabeba mikoba yao. Mwishowe akasema amekuta nukta moja isiyo na kazi. Nikamwambia hiyo niliiacha kwa makusudi, nisimkosee heshima. Akasema kesho nisichelewe. Ni hilo tu alilosema, na sijawahi kupewa tuzo nzuri zaidi ya hiyo. Mashine nzee wameirudisha mlangoni kwa stoo, imerudi kwenye kazi yake na mimi nimerudi kwenye yangu.

Tena mambo hayakuishia hapo. Wenzangu waliona kwamba kwa flashi ile kompyuta inaamka kabla chai haijapoa, wakaanza kumfuata Kebo mmoja mmoja. Yule aliyekuwa akiapa kwamba atauzikwa na mfumo wa zamani alikuwa wa pili kwenye foleni, na alisema ni kwa majaribio tu. Sasa kila mtu ana yake shingoni au mfukoni, na wanakuja kwangu kuniuliza jiko liko wapi na mlango uko wapi, maana wao wanatafuta kwa macho na mimi nilijifunza kwa vidole. Nawaonyesha. Mzee wa zamani anasema hamadi kibindoni, silaha mkononi. Mimi ofisi yangu iko kibindoni, na popote palipo na kompyuta na kiti, hapo ndipo kazini kwangu.

Kwa hiyo siji kukaa, Dada. Nisamehe rangi uliyopaka na mgongo uliokuuma. Umenilea tangu Mama alipotuacha, na ninajua ulikuwa tayari kunilea mara ya pili bila kulalamika. Nakushukuru kwa moyo wangu wote. Lakini naweza.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo bila shaka umeshalitafuta huku mwisho kabla ya kusoma huko juu.

Barua hii naipiga mwenyewe. Hakuna anayeniandikia. Nipo dukani kwa Fundi Miwani, kwenye kompyuta yake kongwe ya kuwekea vipimo vya wateja, na flashi yangu imechomekwa ubavuni. Yeye yupo upande wa pili wa meza ya kioo, anamjaribishia mteja fremu na kumwambia ukweli kwamba haimpendezi. Nimevaa hedifoni sikio moja. Kioo cha kompyuta nimekizima kabisa, kimekuwa cheusi, maana mimi sikihitaji, kwa hiyo hata akigeuka hawezi kuona ninachoandika. Tangu macho yaondoke, hii ndiyo mara ya kwanza nasema na wewe bila mtu wa tatu kati yetu. Huwezi kujua raha yake.

Katika barua yako uliniuliza, mwishoni kabisa, baada ya habari za kabati, kama huyu anayeniandikia ana mume. Dada, ulisahau kwamba anayeniandikia ndiye anayenisomea. Alilisoma swali lako kwa sauti, neno kwa neno, akafika mwisho, akasema, "Hana," kisha akaendelea na salamu za Shemeji kana kwamba jibu lilikuwemo kwenye karatasi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kibao cha wateja natamani sakafu inimeze. Ndiyo sababu hukupata jibu mpaka leo. Ningemwambiaje aandike?

Huyu ndiye niliyemwendea macho yalipoanza, nikamwomba miwani kali kuliko zote. Alinipima, akakataa kuniuzia. Alisema hana kioo cha kunisaidia na hawezi kuniuzia matumaini yaliyofungwa kwenye fremu, niende hospitali siku hiyohiyo, na akafunga duka akanisindikiza. Alipoona nimerudi na majibu niliyorudi nayo, hakuniambia pole. Aliniuliza nina nani wa kumwandikia, nikamtaja wewe, akatoa kalamu. Nimemjua kwa mwandiko nisiouona na sauti isiyojua kudanganya. Nampenda. Nimempenda tangu barua ya pili au ya tatu, na nimelibeba neno hilo kwa sababu njia pekee niliyokuwa nayo ya kulituma ilikuwa ni kalamu yake mwenyewe. Nilitaka kwanza niwe na kiti changu, na nitakapomwuliza kama atakubali nimwoe, nimwulize nikiwa naondoka kwenda kazini na kurudi kutoka kazini, kama mtu yeyote. Sasa ninacho.

Mteja ametoka. Nasikia anapanga fremu kwenye rafu. Nawasha kioo, na nitamwita aje anisomee nilichoandika, aone kama kuna makosa, kama alivyozoea kunisomea kila siku.

Ndiyo. Na rekebisha, umeandika "atauzikwa."

Hayo hapo juu sikuyapiga mimi. Alisoma kwa sauti tangu kwenye salamu mpaka kwenye rafu, hakuharakisha wala hakupunguza. Alipofika mwisho nikahisi mkono wake umepita juu ya wangu kwenda kwenye kibodi. Shangazi akanitajia herufi sikioni moja baada ya nyingine, kwa ile sauti anayotajia nukta, mpaka neno likakamilika. Kosa sikulirekebisha. Yeye anataka lirekebishwe, mimi nataka libaki, na huu ndio ugomvi wetu wa kwanza.

Basi kuja uje, Dada, kama ulivyopanga, ila usije na gari la kubebea mizigo yangu. Njoo na Shemeji na nguo zenu nzuri, mkanisemee kwa kaka zake, na mwonane na wifi yako. Chumba kile usimpe mtu. Tutakuja wawili kukutembelea, na mmoja wetu atalihitaji lile dirisha.

Wasalimie wote waliomo humo ndani na wanaopita mlangoni. Bahasha itakuwa na mwandiko unaoujua, amesisitiza aiandike yeye. Sahihi nimeweka kwa mkono wangu, na kama imepanda mlima usiicheke.

Mimi mdogo wako, yuleyule mrudia maneno ya watu,

Kasuku